Mbwa Alikuwa na Jina

Tarehe 5, mwezi wa kenda

Mimi Straton mwana wa Sebarenzi ninaanza kaye hii, daftari yangu, leo, siku mvua imerudi kwa kweli, si ile ya kudanganya udongo. Nilisoma kwa Mapadri mupaka mwaka wa tatu. Walionifundisha wamekufa wote, kwa hiyo hakuna wa kunipinga nikisema nilikuwa wa kwanza. Bibi yangu Mukankusi, mama wa watoto wangu, ananiuliza muzee wa miaka themanini anaandika nini. Namujibu: mambo. Kitu kikubwa kimetokea, na mutu wa kukiandika vizuri kwa hii kilima ni mimi tu.

Kitu chenyewe ni hiki. Nyuma ya misa Papa Marcellin alituita wazee kwa baraza ya duka yake. Marcellin ni mufanyabiashara wa kutoka Butembo. Iko na duka hapa kwetu Masisi na kamioni mbili, na njo president wa komite ya yubile. Mwaka kesho paruasi, ile parokia yetu, inafanya yubile, na kila mukristu atavaa kikwembe chenye kuchapwa picha ya kanisa. Mimi Marcellin simupendi sana. Ni mutu wa kupima chumvi na kidole juu ya mizani.

Alifungua telefone akasema: "Wazee, kijana wangu wa Kampala ameokota kitu kwa enternet. Gazeti ya zamani ya Waingereza. Muandishi wao alipita hapa wakati Padri wa kwanza alikuja kuchagua kilima cha kanisa. Angalieni."

Tukaangalia. Muzungu wa gazeti amekaa ndani ya kipoyi, kile kiti cha miti miwili chenye watu walikuwa wanabeba begani. Mbwa kwa mapaja yake. Mbele iko mutu mumoja mweusi, wima, kifua wazi, muti wa kipoyi begani. Wengine foto imewakata. Chini, maandishi ya Kiingereza.

Nilisema hapo hapo: "Huyu ni baba yangu."

Constantin akasema: "Wako? Huyu ni wangu."

Constantin ni jirani yangu na wa rika yangu. Tumegombana tangu tunachunga ndama, na kila mara nilishinda. Sasa iko jambo hili: baba yangu Sebarenzi na baba yake Habumugisha walibeba kipoyi pamoja, wale wawili wa mbele, mupaka kipoyi kikaisha na Wabeleji wakapata magari. Kwa hiyo mumoja wao ni ndani ya foto na mwingine amekatwa.

"Angalia kifua," nikasema. "Kwenu mulikuwa na kifua kama hicho lini?"

"Angalia masikio," akasema Constantin. "Kwenu masikio ni kama ya mbuzi. Huyu iko na masikio ya mutu."

Watu walicheka. Marcellin alirudisha telefone kwa mufuko kabla hatujaipasua.

Tarehe 6

Nimepanda maharagi upande wa juu. Mimi peke yangu, na Mukankusi.

Tarehe 11

Komite. Walikubali foto iingie kwa kikwembe, kando ya kanisa. Mama mumoja aliuliza kama maandishi ya Kiingereza yatolewe. Nilisimama. Nilisema: "Yabaki yote, hata nukta. Kiingereza kinafanya kikwembe kionekane cha bei. Watu wa Goma wakituona watajua baba yetu aliandikwa na Waingereza." Walipiga makofi. Constantin naye alipiga, juu anafikiri ni baba yake. Hakuna mutu aliuliza maandishi inasema nini. Marcellin anajua Kiingereza cha Kampala cha kuhesabu mizigo, na hakusema kitu.

Nimemwambia Mukankusi kikwembe kishonwe vile baba yangu atakaa kifuani. Sitaki watu wamukalie.

"Utapita kwa kila mama kuangalia amemuweka wapi?" akauliza.

Tarehe 20

Mvua. Barabara ya kwenda Kitshanga imekatika. Ngombe ya Constantin imeingia kwa shamba langu. Nimeirudisha kwa fimbo.

Tarehe 2, mwezi wa kumi

Aimée amefika kutoka Goma. Ni mutoto wa Léonard, kijana wangu mukubwa, na anasoma Kiingereza kwa institut. Waalimu wao wamegoma, basi amekuja kutusaidia palizi. Ananiita Tate kama wajukuu wote. Akili yake ametoa kwangu.

Nilimupeleka kwa duka ya Marcellin siku ile ile, viatu vyake vingali na matope. Marcellin alimupa telefone. Nilisema: "Soma kwa sauti. Watu wasikie." Walikuwa watu wengi, juu mvua iliwafungia pale. Constantin pia alikuwa, anapima misumari.

Aimée alisoma kimoyo kwanza. Kisha aliniangalia.

"Tate, tusome nyumbani."

"Soma hapa."

Akasoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Inasema: bwana fulani, jina lake lote, muandishi wetu. Pamoja na mbwa wake Rex. Na boy. Kwa njia ya Walikale.

Nikauliza: "Na boy nani?"

"Na boy tu, Tate. Imeisha."

Mvua tu kwa mabati. Nikamwambia arudie, labda ameruka. Akarudia. Mbwa iko na jina. Muzungu iko na majina matatu. Mutu mwenye aliwabeba wote wawili, ameandikwa boy.

"Ni boyi," Marcellin akasema polepole. "Kama boyi wa nyumba."

"Baba yangu hakupasi kaputula ya mutu," nikasema. "Alikuwa mutu wa kipoyi. Mbele. Mbele, unasikia? Nyuma walikaa wale wasiojua njia."

Aimée alisema: "Tate, si kazi yake wanaandika. Kwa Kiingereza neno hilo ni mutoto mwanaume, basi. Kwa shule tulisoma magazeti yao ya ule wakati. Mupishi mwenye mvi, boy. Wabeba mizigo, boys. Mulinzi wa daraja, boy. Mutu mweusi angezeeka vipi, angekuwa na bibi na wajukuu, gazeti lilimuandika mutoto. Hata hawakukusudia kumutukana. Njo vile waliandika, kama vile wanaandika mvua imenyesha."

Hilo la mwisho njo limeniuma zaidi. Mutu akinitukana, namurudishia. Mutu asiyejua kama amenitukana nitamushika wapi?

Tarehe 3

Sikulala vizuri. Asubuhi nimesema mbele ya Mukankusi kwamba nitalitoa lile neno kwa kikwembe hata kama natembea mupaka Kampala, juu mwana wa Sebarenzi hawezi kuitwa mwana wa boyi.

Mukankusi alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akasema bila kuinua kichwa: "Baba yangu alikuwa boyi."

Nilisahau. Miaka sitini tumeoana na nilisahau.

"Alifanya kwa muzungu wa kahawa," akasema. "Alipasi makaputula. Na makaputula hayo njo ngombe yenye baba yangu alikupa siku unanioa. Ulikunywa maziwa yake, haukuuliza ni ya boyi."

"Sikusema vibaya juu ya baba yako."

"Umesema."

Nimetoka kwenda kwa palizi. Kwa shamba nimefikiri. Baba wa Mukankusi aliitwa Ndaribitse na kila mutu alimujua, na muzungu wake pia alimwita hivyo. Kwa hiyo shida si kupasi. Shida ni kwamba mutu anatosha kubeba na hatoshi kuulizwa jina.

Tarehe 7

Komite tena. Nilisimama nikasema neno litoke, jina liingie. Sebarenzi.

Marcellin akasema: "Muzee Straton, ni wewe ulisema hata nukta ibaki. Kijana ameshatengeneza picha yote. Na tena muko wawili munaodai huyu mutu. Niandike nani? Niandike wote wawili, mutu mumoja awe na vichwa viwili?"

Hapo Constantin akasimama. Nilijua atapigana. Nilikuwa nimekunja mikono tayari.

Akasema: "Mimi najitoa. Baba yangu hakuwa boyi, wala mutoto wa mutu. Niliangalia kwa telefone vibaya. Huyu si wake Habumugisha. Straton, chukua, ni wako."

Akakaa. Watu wengine wakacheka, na walinicheka mimi. Kwa maisha yangu yote Constantin hakuwahi kuniachia kitu, hata jiwe la kukalia, na siku ameniachia kitu njo hicho.

Nikasema: "Ninachukua."

Tarehe 8

Nimeenda kwa duka ya Marcellin asubuhi. Nimebeba kiti changu. Nimekaa kwa mulango.

Tarehe 9

Nimekaa kwa mulango.

Tarehe 10

Nimekaa. Kila mutu anayeingia namuuliza: "Mbwa wako anaitwa nani? Na baba yako?" Akishajibu namuacha apite. Marcellin anasema nafukuza wateja. Namwambia: "Sijafukuza mutu. Naongea."

Tarehe 12

Jumapili. Nilipumzika. Hata Mungu alipumzika.

Tarehe 14

Constantin ameenda Itebero, kwa binti yake Uwingabire, chini kule Walikale. Kila mvua kubwa magoti yake inamushinda na anakimbia baridi yetu. Hakuniaga. Ngombe yake imebaki, na bado inaingia kwangu.

Tarehe 17

Nimekaa kwa mulango. Mvua imenipiga upande. Marcellin alitoka na chai, akanipa, akarudi ndani bila kusema. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Nimeshangaa.

Tarehe 25

Nimeshinda. Marcellin alitoka na kiti chake, akakaa karibu yangu, akasema: "Muzee, mama yangu alikuwa anauza mandazi kule Butembo. Wazungu wa plantasio walimwita 'mama mandazi' mupaka alipokufa. Hata kwa kaburi kuna mutu alitaka kuandika hivyo. Basi. Neno litatoka. Lakini kamioni inateremuka Kampala na maagizo ya kikwembe mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, na nyuma ya hapo sibadilishi tena hata ukihamia hapa na kitanda."

Ameandika Sebarenzi kwa kipande cha karton, mbele ya macho yangu. Nilimusahihisha mara moja.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mukankusi alisema sauti yangu inaharibu maziwa.

Tarehe 6, mwezi wa kumi na moja

Aimée alienda Kitshanga kuona rafiki yake, na huko akapitia kwa mupiga foto, akatoa ile picha ikiwa kubwa, kama sinia. Alisema: "Zawadi, Tate. Umeitafutia jina, na haujaiona vizuri hata siku moja."

Ni kweli. Kwa telefone niliona kama mutu anayeangalia samaki ndani ya mukono wa mutu mwingine.

Niliitoa inje kwa mwangaza. Nikaegemea ukuta. Sasa nitaandika yote, hata kama mukono unachoka.

Mutu wa kipoyi hakubadilisha bega. Wengine watafikiri alibeba huku akichoka anahamisha kule. Hapana. Kipoyi kikihama kinayumba, na kikiyumba muzungu anapiga kelele. Kila mutu alikuwa na bega yake tangu siku ya kwanza mupaka mwisho, na wale wa mbele walijifunza pamoja, mumoja kushoto, mumoja kuume, sawa na ngombe wawili. Bega hiyo inaota nundu. Nundu ngumu, laini juu, kama ya ngombe dume. Baba yangu akirudi kutoka safari alikuwa anakaa karibu na moto na mimi nilikuwa namupaka samuli, siagi yetu ya ngombe, kwa nundu, juu ngozi ilipasuka. Hiyo ilikuwa kazi yangu, hakuna mwana mwingine alikubaliwa. Naijua ile bega kuliko najua uso wake. Ni bega ya kushoto.

Mutu wa foto amebeba kwa kuume. Nundu iko kwa kuume. Bega ya kushoto ni tambarare kama yangu.

Nilimuuliza Aimée kama foto inaweza kugeuka. Akasema inaweza, lakini hii haikugeuka, tazama maandishi kwenye sanduku nyuma ya kiti, inasomeka vizuri.

Ni Habumugisha. Ni baba yake Constantin.

Tarehe 7

Mvua.

Tarehe 8

Mvua. Ngombe ya Constantin imeingia kwa shamba. Nimeiacha ikule kidogo.

Tarehe 10

Mukankusi aliniuliza leo tukiwa tunatoa magugu. "Hauimbi. Uko mugonjwa?"

Nikamwambia. Sikutaka, lakini mutu akikaa na wewe miaka sitini anajua kuvuta maneno kama kuvuta viazi, hakati hata kimoja.

Alisimama, akashika kiuno. "Nani mwingine anajua habari ya mabega?"

"Constantin. Na yeye amesema si wake."

"Basi haiko mutu atakupinga."

"Hakuna."

Akarudi kulima. Nilifikiri imeisha. Tulipofika mwisho wa mustari akasema: "Gazeti lilimunyima jina. Wewe unataka kumupa la mutu mwingine. Sijui gani ni mbaya zaidi. Wewe njo ulisoma."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia yeye hajui foto ni nini, hajui kukaa kwa mulango ya mutu mvua ikikupiga. Nilitupa jembe. Nikaenda kukaa kwa Mama Niyigena anayeuza kasiksi, pombe ya ndizi, nikakunywa, nikawaambia watu baba yangu aliandikwa na Waingereza. Waliniuliza aliitwa nani. Nilitaja. Kasiksi ilikuwa chungu ao kinywa changu.

Tarehe 11

Nimepigia Constantin telefone, kwa telefone ya Aimée, juu ya kilima kwenye reseau, mutandao wa telefone, inapatikana. Niliposema "foto" alisema: "Nilishakuachia. Ni wako. Mbona unanifuata mupaka pori?" Akakata.

Nikapiga tena. Akakata.

Vizuri. Hajui ni mutu gani anakatia telefone.

Tarehe 13

Ninaenda Itebero. Nimeamua jana, nimetangaza leo.

Aimée alilia kidogo, anasema barabara ni mbaya na pori iko na watu wenye bunduki, nimutumie Constantin foto kwa telefone. Nimemwambia Constantin akiangalia kwa telefone ataona kile anataka kuona, sawa na mimi nilivyoona. Mukankusi amenifungia viazi, furomaji, ile jibini yetu, na koti yangu nzito. Alinishika mukono kwa mulango, kitu chenye hatujafanya tangu Léonard anaoa.

Marcellin alijuaje sijui. Alikuja na karatasi ya plastiki ya kufunga foto, na mutu wake wa pikipiki, Archange, anipeleke mupaka Nyabiondo. Alisema: "Unaenda kufanya nini, muzee? Jina limeshaandikwa." Nikamujibu: "Usichape mupaka unisikie." Alikuna kichwa. Lakini alifunga foto yeye mwenyewe, vizuri, na kamba mara mbili. Nimemuhukumu vibaya kwa ile chumvi. Labda.

Tarehe 14

Nyabiondo. Archange anaendesha kama mutu anayekimbia bibi yake. Tulianguka mara moja kwa matope. Nimemufundisha namna ya kushika usukani.

Tarehe 16

Kutoka Nyabiondo nimetembea na mama wenye kubeba mafuta ya mawese. Wanabeba kwa mugongo, kamba ikipita kwa paji la uso, na wananishinda kupanda. Sitaficha. Njia hii njo ile ya foto, njia ya Walikale. Kila mupando nilifikiri: hapa walibeba mutu mumoja na mbwa. Miguu yangu haikubeba kitu ila foto na bado inauma.

Kwa bariere iko vijana wenye bunduki. Mumoja akauliza: "Muzee, unaenda Walikale kufanya nini?"

Nikasema: "Kumupelekea mutu baba yake."

"Amekufa?"

"Zamani."

Waliangalia mufuko wangu wakanifungulia haraka sana. Nadhani walifikiri ni mifupa.

Tarehe 17

Mvua. Nimelala kwa kanisa ya Walokole kando ya muto Lowa. Wanaimba vizuri, mimi naimba zaidi.

Tarehe 18

Homa. Sikutembea. Mama mumoja alinipa supu ya samaki na akaniita Tate. Sikumuuliza jina asubuhi, nilikuwa mugonjwa. Jioni nikarudi mupaka kwake kumuuliza. Anaitwa Byukusenge.

Tarehe 20

Nimefika Itebero, kwa pikipiki kutoka Walikale. Joto. Miti inafunga mbingu. Uwingabire aliniona akaacha bakuli ikianguka.

"Papa Straton? Nani amekufa?"

"Hakuna. Baba yako iko wapi?"

Constantin alikuwa kwa kiti nyuma ya nyumba, magoti amefunga na majani. Amezeeka. Aliniangalia kama mutu anaangalia deni.

"Umetembea," akasema.

"Nimetembea. Wewe ulikuja na gari kama mugonjwa."

"Kaa chini, usianguke kwa nyumba ya mukwe wangu, watu watasema nimekuua."

Nilikaa. Uwingabire alileta wali na samaki. Tulikula. Kisha nilifungua plastiki ya Marcellin, kamba zote mbili, nikaweka foto kwa mapaja yake. Hakuiangalia. Aliangalia mugomba.

"Nimesema ni wako."

"Angalia bega."

"Straton, niache."

"Constantin. Wewe ulikuwa unapaka samuli bega gani?"

Nikaona mukono wake unapanda wenyewe, unashika bega yake ya kuume. Kisha macho yalishuka kwa foto. Hana miwani. Alileta foto karibu na pua, akapitisha kidole polepole pale muti unakaa, na kidole kilisimama.

Uwingabire alitoka mulangoni akasimama nyuma yake. Akauliza: "Ni nani, Papa?"

Aliniambia mimi: "Nilisema mbele ya komite yote si wake. Nilisimama, Straton. Watu walisikia. Nitarudi kwa ile kilima na uso gani?"

"Na mimi nilisema mbele ya komite yote ni wangu. Nilikaa kwa mulango ya Marcellin mupaka akaandika. Nimekuja hapa na uso gani? Ni huu. Angalia. Umechoka, umezeeka, lakini unatosha."

"Wamemuandika boy."

"Wangeandika hivyo hata wangu. Wangeandika hivyo hata wewe, na mvi zako. Aimée anasema njo vile gazeti zao ziliandika, siku hizo, kama mvua. Lile neno si la baba yako, Constantin. Ni lao. Bega njo yake."

"Na ukinyamaza?" akasema. "Hakuna mutu angejua. Wako angekuwa kwa kikwembe."

"Najua."

"Sasa wako hataonekana popote."

"Sebarenzi anajulikana," nikasema. "Niko mimi." Kisha nikakunywa maji.

Alicheka kidogo, ule mucheko wake wa puani wenye nimechukia tangu utoto. Aliuliza ngombe yake. Nilimwambia inakula maharagi yangu. Akasema ni haki yake, shamba langu ni zuri. Hajawahi kusema shamba langu ni zuri.

Tarehe 21

Asubuhi Uwingabire alitupeleka penye reseau inapatikana, kwa mupando nyuma ya shule, kwenye miti imekatwa. Constantin alipanda na fimbo mbili na mimi nilimusukuma kwa mugongo, kila hatua ananitukana.

Nilipigia Marcellin. "Futa Sebarenzi," nikasema.

Akasema: "Muzee, kamioni inapakiwa. Ulikaa kwa mulango yangu karibu wiki tatu juu ya Sebarenzi."

"Nilikaa. Futa."

"Niandike nani? Ao nirudishe maandishi ya gazeti?"

"Ukirudisha lile neno nitakuja na kitanda. Ngoja."

Nikamupa Constantin telefone. Aliishika mbali na sikio kama kitu cha moto. Alifungua kinywa, akafunga. Nilifikiri atanipa tena. Kisha akapiga kelele, juu hapa reseau inaenda na kurudi: "Habumugisha!"

Watoto wa shule wakageuka kwa madirisha.

"Andika! Ha-bu-mu-gi-sha! Mutu wa kipoyi, wa mbele, bega ya kuume! Habumugisha, baba yangu!"

Mwalimu alitoka inje na chaki kwa mukono. Constantin hakumuona. Alirudia, na kila mara sauti ilipanda, mupaka ndege ziliruka kwa miti. Mimi nilikuwa karibu na nilisikia Marcellin ndani ya telefone, anasema, amesikia, Papa, amesikia tangu mara ya kwanza, ameshaandika.

Constantin akasema tena.